Ukirudi Lac Vert na Mshono wa Tumbo

Karatasi ya maagizo unayopewa siku ya kutoka hospitali, baada ya kukatwa ngozi iliyolegea, imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Huyo ana bomba la maji ndani ya nyumba, choo cha kukalia, gari mlangoni na lami mpaka kwa daktari. Wewe unarudi Lac Vert, magharibi ya Goma, ambako njia nyingi za ndani ni mawe ya lava, maji yanafika kwa bidoni za lita 20, na katika baadhi ya mabonde hewa yenyewe inaweza kuua. Maagizo ya daktari ni sahihi. Kinachobaki ni kuyahamishia nyumbani kwako, na kazi hiyo inafanywa wiki kadhaa kabla ya kisu.

Nasema na wale waliopungua kilo nyingi, mwanamke au mwanamume, wakabaki na ngozi inayoning'inia tumboni, mapajani au chini ya mikono. Wengine wamepungua kwa sababu kisukari kiliwalazimisha kubadili chakula. Wengine walikwenda nje kupunguzwa tumbo la chakula. Ngozi iliyotanuka miaka mingi hairudi yenyewe, hata ukifanya mazoezi namna gani. Chini ya mkunjo jasho linakaa, ngozi inachubuka, ukungu unaota, na wakati wa joto harufu inamtesa mwenyewe kabla ya kumfikia jirani. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ni mambo ya urembo tu hajawahi kuishi na mkunjo huo.

Goma, hata hivyo, mtu hapungui akasifiwa mara moja. Unene bado ni dalili ya maisha mazuri, na aliyekonda ghafla watu wanaulizana pembeni anaumwa nini. Ndiyo maana wengi wanataka operesheni hii iwe ya siri, hata kwa watu wanaolala nao nyumba moja. Siri kwa majirani sina ugomvi nayo. Siri ndani ya nyumba ni hatari, kwa sababu asiyejua umekatwa wapi hatajua kwa nini hupaswi kuinua sufuria, na usiku ukianza kuhema vibaya hatajua la kumwambia muganga.

Wakati wa kufanya operesheni nao una kanuni. Uzito uwe umetulia angalau miezi 6 bila kupanda wala kushuka. Aliyepunguzwa tumbo la chakula kwa kawaida anangoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mvutaji sigara aache angalau wiki 4 kabla na asirudie wiki 4 baada yake, kwa kuwa moshi unabana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyovutwa ikikosa damu inakufa. Sukari ya damu iwe imedhibitiwa, na damu ipimwe, maana waliopungua sana mara nyingi wana upungufu wa madini ya chuma. Mama anayetarajia kuzaa tena ni afadhali azae kwanza.

Anayetafuta bingwa wa kazi hii kutoka Goma kwa kawaida anaangalia Kigali, Kampala au Nairobi. Huko uliza maswali makavu: nani atanilaza usingizi, kuna chumba cha wagonjwa mahututi, na nikipata shida usiku wa pili nampigia nani? Oktoba 2024, jijini Nairobi, mwanamke mmoja alikufa baada ya kufyonzwa mafuta katika kliniki ya urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Mahali panapokuahidi kukata ngozi ya tumbo, mikono na mapaja siku moja na kukuruhusu jioni, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa safari ya kurudi. Tangu vita ilipofika mjini na uwanja wa ndege kufungwa Januari 2025, njia ya wengi ni barabara ya Kigali kwenda Gisenyi, saa tatu hadi nne za milima na kona. Kukatwa tumbo ni kati ya operesheni za kurekebisha mwili zinazoongoza kwa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa kitako saa nyingi kunaongeza hatari hiyo. Damu iliyoganda ikipanda mapafuni inaweza kuua kwa dakika chache. Shauri langu: usiondoke mji wa daktari wako mpaka mirija ya kutolea majimaji imetolewa, jambo ambalo mara nyingi linachukua wiki 1 hadi 2. Gharama ya chumba cha kupanga siku hizo iweke kwenye bajeti ya operesheni tangu mwanzo. Ukisafiri, simamisha gari kila saa moja, tembea hatua kadhaa, kunywa maji, na usipange kuuvuka mpaka usiku. Muulize daktari pia kama unahitaji sindano za kuzuia damu kuganda, na za siku ngapi.

Hata ukishafika Goma, Lac Vert ingoje kidogo. Kama una ndugu mwenye nyumba karibu na lami na karibu na hospitali, omba chumba kwake kwa wiki moja au mbili. Pikipiki isahau kwanza. Mtikisiko wa mawe ya lava unavuta mshono wote, na breki moja ya ghafla inakurusha kwenye mgongo wa motari ukiwa umetanguliza tumbo. Tafuta gari, kaa kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, kumbatia mto tumboni, na mwambie dereva kwamba hamna haraka.

Siku kumi za kwanza baada ya operesheni zitakushangaza kwa jinsi unavyotembea. Ngozi ya tumbo imevutwa na kushonwa, hivyo utainama mbele kama bibi kizee, na usijilazimishe kunyooka. Kunyooka kunakuja polepole, kwa wengi baada ya wiki moja au mbili. Kuinama huko hakukuruhusu kulala mchana kutwa: siku ile ile ya operesheni au kesho yake lazima uanze kutembea, hata kama ni kutoka kitandani mpaka mlangoni, mara nyingi kwa siku. Kulala ni chali, mgongo umeinuliwa na mito, mto mwingine chini ya magoti. Kuamka, geuka ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mkono. Aliyekatwa ngozi ya mikono pia hawezi kujisukuma, kwa hiyo awe na mtu wa kumwinua. Maumivu makali zaidi ni ya siku za mwanzo. Uvimbe unaongezeka kabla ya kupungua, na karibu siku ya tatu au ya nne wengi wanalia bila sababu wanayoweza kuieleza, wakijuta walichofanya. Huzuni hiyo ni ya kawaida na kwa walio wengi inapita. Usijitazame sana kwenye kioo wiki hizo.

Kitanda ni jambo ambalo karatasi ya hospitali haiwezi kulitaja. Mazuku, ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye lava ya kaskazini ya Ziwa Kivu, inajulikana Lac Vert na Bulengo na mpaka karibu na Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, inalala mabondeni na kujikusanya zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi wanakufa nayo, na watoto pia, kwa kuwa wako chini karibu na ardhi. Sasa mfikirie mgonjwa aliyemeza dawa kali ya maumivu, anayepumua kwa pumzi fupi kwa sababu tumbo limebanwa, aliyelazwa kwenye mkeka ili asianguke. Usikubali mkeka. Usikubali godoro chini. Lala kwenye kitanda kilichoinuka, katika chumba cha upande wa juu wa kiwanja, chenye madirisha yanayopitisha hewa mchana kutwa. Kama nyumba yako iko kwenye shimo ambalo majirani wanalijua kwa mazuku, wiki zote za kupona zipite mahali pengine. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, kinachoitwa OVG, na wakuu wa kartye wanajua sehemu mbaya, na wazee wa mtaa wanazijua pia.

Halafu maji. Kipimo ambacho madaktari wengi wanatoa ni kutoinua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6. Bidoni ya njano iliyojaa ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kilo 10, na kumfunga mgongoni kwa kitenge kunabana pale pale penye mshono. Kama misuli ya tumbo nayo ilishonwa, uzito huo unaweza kukata nyuzi za ndani usizoziona, ukabaki na tumbo lililochomoza na safari ya pili ya kisu. Kwa hiyo kabla ya kulipa hospitali, lipa mtu wa maji. Kubaliana na mwenye chukudu au kijana wa jirani: bidoni ngapi, saa ngapi, kwa wiki 6, na nusu ya fedha mpe mapema. Mwanamke akirudi nyumbani na kukuta bidoni tupu, mazoea yatamshinda, atainama kuzibeba. Nimeona nidhamu nyingi za hospitali zikivunjika kwa ajili ya sufuria ya maharagi.

Mbabula nayo iko chini, na moshi wa makala unaleta kikohozi. Kikohozi kwa mtu aliyeshonwa tumbo ni adhabu. Mwingine apike, tena nje. Ukilazimika kukohoa au kupiga chafya, kandamiza mto tumboni kwa mikono miwili.

Choo cha kuchuchumaa hakifai wiki za mwanzo, hasa kwa aliyekatwa mapaja. Fundi seremala anaweza kukutobolea kiti cha mbao ukiweke juu ya shimo, au uwe na kiti chenye ndoo chumbani. Dawa za maumivu zinafunga choo, na kusukuma kwa nguvu kunavuta mshono, kwa hiyo kunywa maji mengi, kula papai na lengalenga, na kama siku tatu zimepita bila kitu omba dawa ya kulainisha.

Mirija, kama umerudi nayo, inataka daftari. Kila asubuhi na jioni anayekuuguza anamwaga kilicho kwenye kichupa, anakipima kwa mililita na kuandika pamoja na rangi yake. Mwanzoni ni wekundu wa damu, baadaye waridi, mwishowe manjano kama chai nyepesi. Madaktari wengi wanautoa mrija ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Kichupa kilichokuwa kimepungua kikijaa ghafla damu mbichi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Baada ya mirija kutoka, majimaji yanaweza kujikusanya tena chini ya ngozi, tumbo likacheza kama mfuko wa maji. Yanatolewa kwa sindano kliniki, na mara nyingine inarudiwa mara kadhaa. Usitoboe mwenyewe.

Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa kitambaa chochote cha kidonda. Maji ya kuoshea mshono yachemshwe yapoe, maana sehemu kubwa ya maji yetu inatoka ziwani na kipindupindu hakijawahi kuuhama mji huu. Kuoga kwa kumwagia maji kunaruhusiwa daktari akisema, lakini kujitumbukiza ziwani au kwenye beseni hapana, mpaka kila kidonda kimefunga. Vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, hivyo vitambaa visafi vikae kwenye kopo lenye kifuniko, na mashuka yaanikwe ndani.

Hapa lazima niwakabili mama zetu na mashangazi. Kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto, kama mnavyomkanda mzazi, kusifanyike. Ngozi iliyo chini ya kitovu imekatwa mishipa ya fahamu, na ganzi yake inaweza kudumu miezi mingi hata mwaka. Kitambaa cha moto kitamuunguza asisikie, na ngozi iliyoungua juu ya mshono mbichi inaoza. Chupa ya maji ya moto usiku wa baridi ni vilevile. Na kitenge cha kufunga tumbo hakichukui nafasi ya gaine, ile nguo ya kubana aliyoagiza daktari: kitenge kinajikunja, kinabana upande mmoja na kuacha mwingine. Gaine inavaliwa usiku na mchana kwa karibu wiki 6, kwa hiyo nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini.

Chakula cha kuponya kidonda Goma kipo. Aliyepungua sana mara nyingi anakula kidogo mno, na mwili hauwezi kuunganisha ngozi bila protini, angalau gramu 60 hadi 80 kwa siku. Samaki wa sambaza wakavu, mayai, maharagi, soya, karanga, maziwa na jibini ya Masisi: chagua unachoweza, kula kidogo kidogo mara tano au sita. Bugali na mchuzi mtupu havitoshi. Aliyepunguzwa tumbo la chakula aendelee na vitamini zake bila kuruka siku.

Dalili za hatari zibandike ukutani, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa: homa ya nyuzi 38 au zaidi; wekundu unaotambaa kutoka kwenye mshono; usaha au harufu; kingo za kidonda kugeuka nyeusi; mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu lake; kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kukohoa damu. Homa tumezoea kuiita malaria na kununua vidonge dukani. Baada ya operesheni usifanye hivyo. Malaria ipimwe na mshono ukaguliwe siku hiyo hiyo. Na mtu akikosa pumzi Lac Vert, usikae kubishana kama ni mazuku au damu iliyoganda: mtoe mpande sehemu ya juu yenye upepo, huku gari likiitwa.

Kanuni moja ya hapa kwetu ambayo ningeiweka juu ya zote: usisubiri jioni. Kupata gari usiku katika mji huu ni bahati, na njia si salama. Kama saa tisa mchana kuna jambo linalokutia mashaka, ondoka kabla ya jua kuzama. Uwe na namba za madereva wawili waliokubali mapema, na simu yenye moto. Goma yenyewe haikosi mikono ya kushughulikia mshono uliofumuka au ulioambukizwa. Hospitali ya HEAL Africa ina miaka mingi ya upasuaji wa kurekebisha mwili, na ile ya CBCA Ndosho, pamoja na madaktari wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, imetibu majeruhi wa vita wengi wenye vidonda vikubwa kuliko chako. Omba daktari aliyekukata akuandikie barua, kwa Kifaransa, inayosema alifanya nini hasa, ili asiyekujua asianze kwa kubahatisha.

Barua hiyo ikae kwenye mfuko mdogo karibu na mlango, pamoja na dawa za wiki mbili, vitambaa vya kidonda, gaine ya pili na fedha kidogo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Mei 22, 2021, na Mei 27 serikali ikaamuru kartye 10 za mji zihamwe. Watu kwa maelfu walipita barabara yetu kwa miguu kwenda Sake. Mei 3, 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za waliokimbia vita za Lac Vert na Mugunga. Mtu wa hapa anajua kwamba kukimbia hakuulizi kama nyuzi zimetolewa. Aliye na mshono mbichi asibebe chochote isipokuwa mfuko huo, na aondoke mapema kuliko wengine.

Baada ya wiki 6 wengi wanarudi kwenye kazi nyepesi, na pikipiki, kwa idhini ya daktari, inawezekana. Tumbo litaendelea kuvimba jioni na kupungua asubuhi kwa miezi mitatu au zaidi, na umbo la mwisho usilihukumu kabla ya miezi 6 hadi 12. Kovu ni refu, mara nyingi kutoka nyonga hadi nyonga, linakuwa gumu na jeusi au jekundu miezi ya kwanza na kuanza kutulia baada ya mwaka. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya kovu kuota na kutuna. Kama uliwahi kuwa na kovu la namna hiyo sikioni au begani, mwambie daktari kabla hajakukata. Mshono ukishafunga kabisa, jeli au plasta ya silikoni inasaidia. Krimu za kuchubua zinazouzwa sokoni zitaharibu kazi yote.

Neno la mwisho ni kwako, mume, dada au binti utakayekuwa garde-malade. Mgonjwa atakuambia siku ya kumi na mbili kwamba amepona na anataka kufua. Mnyang'anye beseni. Na kama kwenu hakuna mtu anayeweza kuteka maji, kupika na kubeba mtoto kwa wiki 6 mfululizo, mwambieni aahirishe operesheni mpaka apatikane.